Wimbi Linalochachuka Mara Mbili

Gunia likifunguliwa baada ya wiki moja hivi, mgeni angedhani unga umeharibika. Uchachu unapanda puani moja kwa moja. Donge la unga wa wimbi lililomo ndani limegeuka rangi ya udongo wa kichuguu, na ukiliminya linameguka badala ya kunata. Mama mpika pombe wa Tororo, nchini Uganda, anamega kidogo, ananusa, anaweka kwenye ncha ya ulimi. "Bado, mwanangu," anasema, na gunia linafungwa tena. Katika kazi yote ya kutengeneza ajon, hakuna ninachokistahi kama neno hilo "bado". Halitokani na saa wala kipimo. Siku za mvua unga huchelewa kuchacha, siku za jua kali huwahi, na yeye anajua kwa pua.

Ajon ni jina la Waiteso. Wajopadhola husema kongo, na katika vilabu vya mjini wengi huiita malwa. Ni pombe ya wimbi, yaani ulezi, inayonywewa ikiwa moto kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Mpaka wa kikoloni kati ya Uganda na Kenya uliposogezwa mwaka 1902, Waiteso walijikuta pande mbili, lakini ukivuka mpaka huo pale Malaba utakuta chungu kilekile na adabu ileile ya kukizunguka.

Donge likishaiva kwa uchachu linakwenda motoni. Kikaango ni bati pana, mara nyingi pipa lililopasuliwa na kunyooshwa, limetegwa juu ya mafiga makubwa. Mama anageuza kwa mwiko bila kupumzika, moshi ukimfuata kila anakohamia, mpaka mabonge yawe chembe za kahawia zenye harufu ya mkate uliokaribia kuungua. Zikiungua kweli, pombe itakuwa chungu. Zikitolewa mapema, ndani zitabaki mbichi. Moto huo unaua vijidudu vya uchachu wa kwanza, unaupika wanga wa wimbi na kuupa rangi. Kisha chembe zinaanikwa juani hadi zikauke kabisa, na zikikauka hukaa ghalani kwa muda mrefu zikingoja harusi, mavuno au ada ya shule.

Kando yake kuna kimea. Wimbi lingine linawekwa majini, linachujwa, linafunikwa mpaka lichipue vijimizizi vyeupe, halafu linakaushwa na kusagwa. Mbegu inapochipua huamsha vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Kimea na zile chembe za kukaanga vinachanganywa na maji, na kwa siku mbili tatu hamira inaila ile sukari na kuacha kileo. Wimbi limechachuka mara ya pili. Siku ya kwanza mchanganyiko ni mtamu kama uji, na watoto huuzungukazunguka. Siku zikisonga utamu unapungua na ukali unaingia.

Huko Ufaransa, kusini mwa mji wa Bordeaux, watu wa Sauternes wanaijua subira ya namna hii. Mto Ciron wenye maji baridi unaingia katika mto Garonne wenye maji ya vuguvugu, na asubuhi za msimu wa mavuno ukungu unatanda juu ya mizabibu. Ukungu huo unaleta kuvu, Botrytis cinerea, inayotoboa ganda la zabibu ili maji yatoke na sukari ibaki. Mkulima mwingine angezitupa zabibu hizo zilizosinyaa. Wao wanapita shambani mara kadhaa, wakichuma zile tu zilizooza inavyotakiwa. Katika shamba la Château d'Yquem, mzabibu mmoja hutoa takriban glasi moja tu ya mvinyo, na mwaka 2012 hawakutoa mvinyo wao mtamu kwa sababu zabibu hazikufikia kiwango. Dunia inalipa fedha nyingi kwa ujuzi huo, na ni haki yao. Naamini mama wa Tororo anastahili heshima ya daraja hilohilo, kwa kuwa naye anajua chakula kiachwe kioze hadi wapi.

Ajon haichujwi. Mchanganyiko wote, chembe na maganda, unatiwa chunguni na kumiminiwa maji ya moto, na kazi ya kuchuja inaachiwa kichujio kidogo kilichofumwa kwenye ncha ya mrija. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyeishi na Waiteso wa Kenya, aliandika mwaka 1980 kuhusu unywaji huu, na adabu zake bado zinafuatwa na wazee: mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto, hupulizi ndani yake, na mtu hanywi chungu kimoja na mama mkwe wake.

Mivuto ya kwanza ni mizito na mikali. Birika la maji ya moto likizunguka kukijaza chungu tena, pombe inalainika, uchachu unarudi nyuma na harufu ya kukaangwa inajitokeza. Hapo ndipo penye raha, na ndipo wazee wanapompima mpika pombe: wanahesabu chungu kimestahimili mabirika mangapi kabla ya kuanza kuonja maji matupu.