Majivu Kwanza, Moto Baadaye

Kati ya 2018 na 2022, mwanafunzi wa kidato cha nne mjini Machakos alikuwa na vitabu viwili kwenye dawati: Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, na mwongozo wake. Mara nyingi mwongozo ndio uliochakaa. Humo mbinu za mwandishi zimehesabiwa kama mbuzi wanaorudi zizini jioni: mbinu rejeshi, uzungumzinafsi, taswira, sadfa, kinaya. Mtahiniwa anazikariri, anasubiri dondoo, anaeleza muktadha, anapata alama zake nne na kuendelea. Hakuna anayemuuliza mbinu hizo zilitumiwa kutatua tatizo gani.

Na tatizo lilikuwepo, tena zito. Chozi la Heri ni riwaya ya vita, ingawa vita vyenyewe ni vya majirani baada ya uchaguzi, na nchi imepewa jina la kubuni, Wahafidhina. Kila anayeandika kuhusu vita lazima aamue asimulie nini kwanza. Akianza na kampeni, apite kwenye matokeo, kisha vurugu, kisha nyumba kuteketea, msomaji atakimbia naye akijiuliza nani atapona. Matei hakufuata njia hiyo. Tunapomkuta Ridhaa, anasimama mbele ya magofu ya nyumba yake. Mkewe Terry amekufa na watoto wamekufa. Mwangeka, mwanawe aliye hai, yuko ng'ambo katika kikosi cha kulinda amani. Yote yameshatokea kabla hatujafungua kitabu.

Uamuzi huo unabadilisha swali la riwaya nzima. Swali la nani atapona halipo tena, kwa sababu tumeshajibiwa. Linalobaki ni moja: huyu aliyebaki atafanya nini na huko kubaki kwake? Hapa ndipo mbinu rejeshi inapoacha kuwa pambo la kuorodheshwa kwenye karatasi ya mtihani. Akili ya Ridhaa inarudi nyuma kwa sababu inatafuta chanzo. Inakumbuka siku aliyoitwa mfuata mvua na watoto wenzake shuleni, akarudi nyumbani analia. Inakumbuka mlio wa bundi. Inamkumbuka Kedi, jirani waliyeishi naye miaka mingi, ambaye mkono wake umo katika maangamizi yale. Ridhaa ni daktari, mtu aliyezoea kwamba ugonjwa una sababu na sababu ina dawa. Anachambua maisha yake dalili moja baada ya nyingine, na kila sababu anayoipata ni ndogo mno kwa ukubwa wa majivu yaliyo mbele yake. Mtu anayedai maana, na ulimwengu usiomjibu: Albert Camus aliliweka jambo hilo katika insha yake juu ya Sisifo mwaka 1942, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani. Wahakiki wetu wanaliita udhanaishi, na mwanafunzi wa Machakos amelisoma bila kuambiwa.

Matei si peke yake aliyeficha moto. Mfano mwingine ni wa Erich Maria Remarque, aliyekuwa askari wa Ujerumani katika Vita Vikuu vya Kwanza na aliyechapisha Im Westen nichts Neues mwaka 1929. Riwaya inaanza na askari walioshiba. Mpishi alipika chakula cha watu 150, waliorudi kutoka mstari wa mbele ni 80, kwa hiyo kila mmoja anaweza kupata sehemu ya marehemu pia. Mpishi anasita, wao wanamshinikiza agawe chote. Hatujaona bado hata mtu mmoja akipigwa risasi, lakini hesabu ya sufuria imeshatueleza vita ni nini, na kibaya zaidi, imetufanya tufurahie shibe pamoja nao.

Ushairi wetu uliwahi kuvishika vita kwa mkono mwingine kabisa. Shaaban Robert aliandika Utenzi wa Vita vya Uhuru kuhusu vita vya 1939 hadi 1945, beti zinazokaribia 3,000, ukachapishwa 1967. Huko vita vinaonekana kutoka juu: mataifa, majemadari, miji inayoanguka na kukombolewa. Utenzi ndivyo ulivyozoea kufanya kazi, na haukosi fahari. Lakini Ukambani, ambako vijana wengi waliingia jeshi la kikoloni la KAR na baadhi wakafika hadi Burma, msomaji ana haki ya kuuliza sufuria ya askari wa kawaida iko wapi katika beti hizo.

Euphrase Kezilahabi aliingia katika swali hilohilo la kuishi bila kupitia vitani. Kichwamaji, iliyotoka 1974, inasimuliwa na Kazimoto, msomi wa chuo kikuu. Wengi humlinganisha na Meursault, msimulizi wa riwaya ya Camus, na ulinganisho una msingi: wote wawili wanajisimulia wenyewe, na wote wanaona mila zinazowazunguka kama nguo isiyowaenea. Ila tazama ufundi. Mwaka 1943 Jean-Paul Sartre alieleza kwamba sentensi za Camus zinasimama kila moja peke yake, bila kiungo cha sababu. Kwa Kiswahili, mwandishi anayetaka hali hiyo lazima apigane na kiambishi -ka-. Andika "Aliingia, akaketi, akaomba maji," na tayari umeahidi kwamba tendo moja linazaa jingine. Andika "Aliingia. Aliketi. Aliomba maji," na matendo yanabaki yametengana, msomaji akisubiri sababu isiyokuja. Mwalimu akitumia kipindi kimoja kuwapa wanafunzi aya waigeuze hivyo, watauelewa udhanaishi haraka kuliko kwa fasili yoyote ya ubaoni.

Hata hivyo Kezilahabi hakutegemea upweke wa sentensi. Alitegemea ukoo, na hapo ndipo alipomwacha Camus. Meursault hana mtu: mamake anakufa katika makao ya wazee mwanzoni kabisa mwa kitabu. Kazimoto amezungukwa. Manase alimpa mimba Rukia, dada ya Kazimoto, na Rukia akafa. Kazimoto anataka kisasi, halafu anamwoa Sabina, dada ya huyohuyo Manase. Katika nyumba ya Manase anazaliwa mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi, tunda la ugonjwa wa zinaa. Kisha mtoto wa namna hiyohiyo anazaliwa nyumbani kwa Kazimoto. Adui na mlipiza kisasi wamepewa hukumu moja, na hoja ya kisasi inakosa pa kusimama. Ningesema sehemu hiyo ina nguvu kuliko mijadala yote ya vijana kuhusu Mungu na maana ya maisha, ambayo mara nyingine inanuka ukumbi wa mihadhara. Kazimoto anajiua.

Kezilahabi mwenyewe, nadhani, aliona kwamba kijiji cha uhalisia hakikumtosha. Nagona ya 1990 ni kitabu chembamba chenye mji wa kimya na wanafalsafa wanaojitokeza kama mizimu. K. W. Wamitila naye, katika Bina-Adamu! ya 2002, alimtuma msimulizi wake kuzunguka mabara kama mtu aliye ndotoni. Huko ni mbali na mtaala wa sekondari, na si ajabu.

Ridhaa wa Matei, tofauti na Kazimoto, hajiui. Kiufundi, anaokolewa na usimulizi unaokataa kubaki naye. Matei anautoa ndani ya kichwa cha mtu mmoja na kuugawa: Kaizari na mabinti zake waliotendewa unyama, Selume muuguzi, kisha Umu na ndugu zake wawili waliotawanyika. Maumivu yakisambazwa hivyo, hakuna mhusika anayebaki peke yake na swali lake muda wa kutosha kufikia uamuzi wa Kazimoto. Ni ufundi wa akili sana, lakini una bei yake, na bei hiyo ni sadfa. Umu analelewa na Mwangeka na Apondi. Mwaliko anaangukia kwa Mwangemi na Neema, ndani ya ukoo uleule. Dick anaibukia uwanja wa ndege, na ndugu wanaonana tena. Riwaya iliyoanza katika ulimwengu ambamo moto hauna sababu ya kutosha inafika mwisho katika ulimwengu ambamo kila aliyepotea ana mtu aliyepangiwa kukutana naye. Watahini waliitaja sadfa hiyo kama mbinu nyingine ya kusifiwa. Mimi naiona kama mahali ambapo mwandishi alilihurumia swali lake.

Kezilahabi naye hakwepi lawama hiyo, maana watoto wawili wenye vichwa vikubwa katika nyumba za mashemeji ni sadfa pia, ila imeelekezwa kaburini. Remarque peke yake, kati ya hawa watatu, ndiye aliyemwacha mhusika wake bila mpango wowote. Baada ya kitabu kizima cha "mimi" na "sisi", aya fupi ya mwisho inahamia nafsi ya tatu na kutuarifu kwamba Paul Bäumer aliuawa Oktoba 1918, siku ambayo taarifa ya jeshi haikuona la kuripoti. Vita vilikwisha Novemba 11.