Kutu ya Shina la Ngano katika Miinuko ya Karatu na Ngorongoro

Kutu ya shina, ugonjwa wa ngano unaosababishwa na kuvu iitwayo Puccinia graminis, haizuiliki kwa mipaka ya mashamba, kwa kuwa spora zake, yaani chembe za uzazi zenye rangi ya kutu zinazopasua ngozi ya shina, hupeperushwa na upepo mamia ya kilomita na huhitaji saa chache tu za umande ili ziote. Miinuko ya Oldeani na Mbulumbulu huko Karatu, yenye ubaridi na ukungu wa asubuhi, huzipa spora hizo unyevu huo, huku maotea, yaani ngano inayojiotea baada ya mavuno, yakiihifadhi kuvu hadi msimu mwingine.

Aina ya kuvu iliyozua hofu kubwa, Ug99, ilipatikana Uganda mwaka 1998, ikavuka hadi Kenya na Ethiopia, ikafika Yemeni na Sudani mwaka 2006, na mwaka 2009 ikathibitishwa nchini Tanzania. Nguvu yake ilitokana na kuishinda Sr31, jeni ya ukinzani iliyotoka kwenye shayiri-nyeusi (rye) na kuingizwa katika mbegu za ngano za nchi nyingi. Kwa hiyo lawama, kwa haki, iende kwa mazoea ya kuegemea kinga moja kuliko kwa upepo.

Viuakuvu vya jamii ya triazoli hufaa vikipuliziwa dalili zinapoanza, lakini gharama yake humwelemea mkulima mdogo, ambaye mara nyingi hupulizia shina likiwa limekwisha kuharibika. Ndiyo maana kazi kubwa ilihamia kwenye uzalishaji wa mbegu: tangu mwaka 2005 kituo cha utafiti cha Njoro, Kenya, kimekuwa kikipima maelfu ya mistari ya ngano kutoka duniani kote chini ya shambulio halisi la Ug99.

Hata hivyo, kosa la kuegemea kinga moja lilijirudia. Mbegu ya Kenya iitwayo Robin, iliyosifiwa kwa ukinzani wake, ilitegemea jeni ya SrTmp, na kufikia mwaka 2014 aina mpya za ukoo wa Ug99 zilikuwa zimekwisha kuishinda. Njia iliyo imara zaidi, ingawa si ya kuvutia machoni kwa sababu shina bado huonyesha madoa, ni kuunganisha Sr2 na jeni nyingine ndogo ambazo hazimwui kimelea bali humchelewesha, hata punje zikawahi kujaa kabla ugonjwa haujakomaa.