Kumkingia Mwenzio Kifua

Katika hoki ya barafuni kupigana ngumi ni kosa, na adhabu yake inajulikana: dakika tano kwenye benchi la adhabu. Lakini ni kosa lililotengewa nafasi yake. Wanaume wawili wakishatupa glavu chini, wengine wote hujitenga. Waamuzi wa pembeni husogea karibu bila kuingilia, wakisubiri mmoja aanguke au wote wawili waishiwe nguvu, ndipo wawatenganishe. Kila mmoja huenda kukaa upande wake, na kwa kuwa adhabu zimelingana, hakuna timu inayobaki pungufu. Mchezo unaendelea.

Kwa sisi tuliolelewa na soka, ambako ngumi moja humtoa mtu kwa kadi nyekundu na kumfungia mechi kadhaa, utaratibu huu ni wa ajabu. Sina nia ya kumshawishi yeyote kwamba ngumi ni jambo jema. Ninachotaka kukisifu ni kazi iliyozaliwa ndani ya utaratibu huo: kazi ya mbabe wa timu, mtu anayesajiliwa kwanza kabisa ili wenzake wasiguswe. Kazi hiyo inaelekea kwisha, na wengi walioifanya walidharauliwa na watu walewale waliosimama kuwashangilia.

Uwanja wa ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini, NHL, una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, umezungushiwa mbao na vioo, hivyo hakuna pa kutokea. (Nairobi nako kuna barafu, ndani ya Hoteli ya Panari, ambako timu ya Ice Lions hufanya mazoezi, ila uwanja huo ni mdogo kwa mbali.) Wachezaji huteleza kwa kasi kubwa, magongo mikononi, wakigombea kisahani cha mpira mgumu, na sheria inaruhusu kumgonga kwa bega yule aliye nacho. Mchezaji mwembamba mwenye kipaji anaweza kugongwa kihalali mara nyingi katika usiku mmoja, na kupigwa kiharamu mara nyingine ambazo refa hakuziona, gongo likimshukia kwenye kifundo cha mkono au kiwiko kikimpitia shavuni. Mbabe yupo kwa ajili ya mapigo hayo ambayo refa hakuyaona.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 klabu ya Edmonton Oilers ilikuwa na Wayne Gretzky, mchezaji ambaye wengi humhesabu kuwa bora kuliko wote waliowahi kuvaa viatu vya barafu. Mwili wake ulikuwa wa kawaida tu. Karibu naye alikuwepo Dave Semenko, bwana mkubwa mwenye uso mtulivu, ambaye mwaka 1983 alipanda ulingoni mjini Edmonton kwa raundi tatu za maonyesho dhidi ya Muhammad Ali. Mwaka huohuo Gretzky alishinda gari kwa kuwa mchezaji bora wa mechi ya nyota wa ligi, akampa Semenko. Mwaka 1988 Gretzky alipouzwa kwenda Los Angeles, Marty McSorley, aliyekuwa akiifanya kazi ileile, alihamishwa pamoja naye katika mapatano hayohayo. Wenye klabu walijua walichokuwa wakinunua: nafasi ya Gretzky kucheza bila kugeuka kuangalia nyuma.

Utazame ufundi wenyewe. Kwa haraka utaona watu wawili wakivutana jezi, na wengi huishia hapo. Bondia hupata nguvu ya ngumi kutoka nyayoni, kwenye sakafu anayoikanyaga. Huyu amesimama juu ya chuma chembamba cha milimita chache, na barafu chini yake haimpi chochote. Akirusha ngumi bila kushika kitu, nguvu yake mwenyewe itamzungusha na kumwangusha. Kwa hiyo kila kitu huanzia kwenye mshiko. Mkono mmoja hushika jezi ya mpinzani, begani au kwenye mkono anaopigia, ukaze kiasi cha kumnyima ngumi yake na papo hapo uwe nguzo ya kuegemea. Kidevu hufichwa chini. Ngumi fupi hupita ndani ya mikono ya mwenzako kabla yake hazijazunguka nje. Anayeweza kubadilisha mikono katikati ya pigano, akaanza kupiga kwa kushoto wakati mpinzani amejifunga kukinga kulia, huyo amefuzu. Jezi nayo lazima ifungwe kwa mkanda kwenye suruali nyuma, kwa maana jezi ikivutwa juu humfunika mtu kichwa, na atapigwa bila kuona.

Kisha ipo miiko. Mbabe wa kweli hamvizii mtu. Humwita, pengine kwa neno moja tu walipojipanga kusubiri kisahani kidondoshwe, na mwenzake hukubali au hukataa. Akisema bega linamsumbua, huachwa. Aliyeanguka hapigwi. Aliye mdogo, asiye wa kazi hiyo, haguswi. Wakimaliza, si ajabu kuwaona wawili hao wakipigana migongo kwa kiganja, kila mmoja akimwambia mwenziwe kwamba amefanya kazi nzuri. Katika kitabu cha sheria hutaikuta miiko hii, lakini aliyeivunja alijulikana kila uwanja.

Na lililo gumu kuliko ngumi ni kungoja. Mechi ina dakika 60, na mbabe hucheza tano au sita. Muda mwingine wote hukaa benchi, misuli ikipoa, halafu kocha anamgusa bega na katika sekunde chache anatakiwa ainuke, aingie barafuni, akapigane na mtu wa kilo mia na zaidi mbele ya watu elfu 18. Ratiba hutoka mapema, hivyo anajua ni nani anayemngoja mji ujao. Wengi wao wamesimulia kwamba hofu huanza jana yake: chakula hakipiti, usingizi hauji. Kupiga moyo konde usiku mmoja, wengi tunaweza. Hawa walifanya hivyo msimu baada ya msimu, kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili, na hesabu za ligi hazina safu ya kuandika gongo ambalo halikuinuliwa kwa sababu wao walikuwa benchi.

Katika wote ninaowajua, John Scott ndiye ninayemrudia. Alizaliwa mwaka 1982 Edmonton, mji uleule aliouchezea Semenko, akakulia St. Catharines, Ontario. Urefu wake ni mita mbili na kidogo, uzito karibu kilo 120. Hakuna klabu iliyomchagua katika mchujo wa vijana. Alikwenda Chuo Kikuu cha Michigan Tech akasoma uhandisi wa mitambo, na katika hoki ya vyuo vya Marekani anayepigana hutolewa nje, kwa hiyo ngumi hakuzikulia. Alijifunza kazi ukubwani, katika timu ya Houston Aeros huko Texas, kwenye ligi ya chini ambako wachezaji husubiri simu kutoka juu. Simu ilipofika, ilitoka Minnesota Wild. Baada ya hapo Chicago, New York, Buffalo, San Jose, Arizona, Montreal: klabu saba, mechi 286, magoli 5, dakika 544 za adhabu.

Mhandisi angeweza kupata kazi ya ofisini na mshahara wa uhakika. Yeye alifunga na kufungua mizigo kila baada ya msimu mmoja au miwili, akitafuta nyumba mpya na kuingia chumba kipya cha kubadilishia nguo kilichojaa watu ambao jana yake alikuwa adui yao. Ni hapo, nadhani, ufundi wa mbabe asiye na makazi unapozidi ule wa Semenko. Semenko alimkingia kifua rafiki yake. Scott aliwakingia kifua watu aliokutana nao wiki iliyopita, na akafanya hivyo kwa dhati kila alipokwenda.

Sifa hizi hazimfanyi asiwe na doa. Septemba 2013, katika mechi ya maandalizi, Buffalo walikuwa Toronto. Mchezaji mmoja wa Buffalo alikuwa ametoka kupigwa akaumizwa vibaya. Kisahani kilipodondoshwa tena, Scott alimwendea Phil Kessel, mfungaji wa Toronto, mtu asiye mpiganaji kabisa. Kessel alijihami kwa kumchapa miguuni kwa gongo, uwanja mzima ukafumuka, hata makipa wakapigana. Kwa miiko niliyoieleza, Scott alikosea: deni la mwenzake lilikuwa la kudaiwa kwa mbabe wa upande wa pili. Na mwezi uliofuata alimgonga kichwani Loui Eriksson wa Boston, pigo baya, akafungiwa mechi 7. Adhabu ile ilimstahili. Nguvu iliyokodiwa kulinda watu ikikosea shabaha kidogo tu, ndiyo inayowaumiza, na mtu anayeipenda kazi hii hana budi kulitazama hilo bila kupepesa.

Gharama kubwa zaidi waliilipa wenyewe. Huko Minnesota, Scott alikuwa timu moja na Derek Boogaard, kijana wa Saskatchewan aliyeogopwa kuliko wote katika zama zake. Boogaard alicheza mechi 277 na kufunga magoli 3. Mikono yake iliharibika, mgongo ukauma, vidonge vya maumivu vikawa chakula. Mei 2011 alifariki Minneapolis kwa mchanganyiko wa pombe na dawa hizo, akiwa na miaka 28. Familia yake ilikubali ubongo wake uchunguzwe Chuo Kikuu cha Boston, na watafiti wakaukuta na CTE, ugonjwa unaohusishwa na kupigwa kichwani mara kwa mara, tena kwa kiwango kilichowashtua kwa mtu wa umri ule. Agosti ya mwaka huohuo walifariki Rick Rypien na Wade Belak, nao watu wa kazi hiyohiyo. Mabaunsa watatu wa barafuni katika kiangazi kimoja. Tangu hapo siwezi kutazama pigano bila kuhesabu ngumi zinazofika, na siwaoni kuwa wakorofi wale wanaotaka mapigano yafutwe kabisa. Wana haki. Ila kuwafuta watu hawa katika kumbukumbu pamoja na ngumi zao, hilo silikubali, kwa sababu walizipokea kwa niaba ya wengine.

Ndiyo maana yaliyotokea Nashville yalinigusa. Msimu wa 2015 kuelekea 2016 Scott alikuwa Arizona, akicheza mara moja moja. Mashabiki wakaanza kampeni ya kumpigia kura aingie mechi ya nyota wa ligi, mwanzoni kwa mzaha: mtu wa magoli matano katikati ya mafundi. Kura zikamfanya nahodha wa kanda ya Pasifiki. Yeye mwenyewe alikuwa amewaomba wawapigie wenzake. Aliombwa ajitoe, akakataa. Baadaye aliandika kwamba mtu mmoja kutoka ligi alimuuliza kama hilo ni jambo ambalo watoto wake wangejivunia, na hapo ndipo alipoamua kwamba ataenda. Katikati ya Januari klabu yake ilimpeleka Montreal katika mapatano ya kubadilishana wachezaji, na Montreal wakamtuma moja kwa moja timu ya chini huko St. John's, Newfoundland: kutoka jangwani hadi kisiwa cha mwisho mashariki mwa Kanada, mke wake akiwa na mimba ya mapacha karibu kujifungua. Kelele zikawa nyingi, na ligi ikakubali acheze.

Tarehe 31 Januari 2016 alishuka barafuni Nashville akiwa nahodha. Mwaka huo ulikuwa wa kwanza wa mtindo wa watatu kwa watatu, uwanja wazi, mbio tupu, mchezo usiomfaa mtu mkubwa kama yeye. Akafunga goli, kisha akafunga la pili, akiwa peke yake na kipa. Timu yake ilichukua ubingwa na dola milioni moja za kugawana. Jina lake halikuwemo katika orodha ya wanaowania uchezaji bora. Watu walimwandika wenyewe hadi akashinda. Wenzake wakambeba mabegani.

Wengine walisimulia habari ile kama ushindi wa mashabiki juu ya wakubwa, na ni kweli kwa sehemu. Mimi huwatazama wale waliombeba. Hao walikuwa miongoni mwa wachezaji stadi kuliko wote duniani, watu ambao mikono na magoti yao mazima yalikuwa mtaji, na hawakuwa na sababu ya kumfanyia mtu mzaha. Baadhi walikuwa wamecheza naye timu moja. Walijua ni nani huinuka benchi wanapopigwa, na usiku ule walipata nafasi ya kulisema hadharani.

Aprili 2016 Montreal ilimwita kwa mechi moja, na Desemba akatangaza kustaafu. Kofia aliyoivaa Nashville iko Toronto, kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa Hoki. Siku hizi ni klabu chache zinazomweka mtu kwa ajili ya ngumi peke yake. Kasi imeongezeka, na nafasi za wachezaji 18 mbali na makipa hazitoshi kumhifadhi anayecheza dakika tano. Kazi ya kuwalinda wachezaji imehamia ofisini. Tangu 2017 idara ya NHL inayotoa adhabu kwa mapigo ya hatari imekuwa chini ya George Parros, msomi wa Princeton na mbabe aliyetwaa ubingwa na Anaheim mwaka 2007. Oktoba 2013, akipigana mjini Montreal, Parros alianguka kidevu kikagonga barafu, akapoteza fahamu na kutolewa kwa machela. Sasa kila pigo la kichwani linalotiliwa shaka hupita mezani kwake.