Ukingo wa Tana Hupona Mkulima Anaponufaika

Takriban asilimia 95 ya maji ya jiji la Nairobi hutoka bonde la juu la Mto Tana, kwenye miteremko ya Nyandarua na Mlima Kenya. Miteremko hiyo imejaa mashamba madogo ya chai, kahawa na mahindi, na mengi yamelimwa hadi kwenye kingo za vijito. Mvua ya masika ikipiga udongo ulio wazi, tope huteremka, hujaza mabwawa na kupandisha gharama ya kusafisha maji. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 zilikataza kulima ukingo wa mto kwa upana wa mita 6 hadi 30, lakini jembe halikukoma. Sababu inaeleweka kwa hesabu nyepesi: shamba la hekta 1 lenye mita 100 za ukingo, likiacha mita 30, limepoteza sehemu 3 kati ya 10. Kwa hiyo uoto wa asili hurudi na kudumu pale tu mwenye shamba anapopata faida ya kuutunza.

Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, uliozinduliwa mwaka 2015, ulijengwa juu ya hoja hiyo. Makadirio yake yalionyesha kuwa dola milioni 10 zikiwekezwa katika kutunza bonde, faida ingefika dola milioni 21.5 kwa miaka 30. Anayenufaika na maji safi yuko upande wa chini wa mto, ilhali anayeacha ardhi yuko juu. Mfuko huunganisha wawili hao. Mkulima hupata miche, mafunzo na msaada wa kuchimba vidimbwi vya kuvuna mvua. Akiwa na maji karibu na nyumba, hana haja kubwa ya kushuka kulima mboga kando ya kijito wakati wa kiangazi.

Ukingoni kwenyewe, kila mmea una kazi yake. Nepia, nyasi ya asili ya Afrika, husimamisha maji yanayotiririka kutoka shambani ili tope litue, kisha hukatwa kulisha ng'ombe wa maziwa huku mizizi ikibaki ardhini. Mianzi ya milimani hufuma mizizi yake na kushika udongo. Mikuyu huzamisha mizizi zaidi na kuutia mto kivuli.

Wapo wanaosema kwamba mstari wa nepia si msitu. Ni kweli, na ukiachwa peke yake hautarudisha ndege wala wadudu. Ndiyo maana miti ya asili lazima ifuate. Wengine hutetea mikaratusi kwa kuwa hukua haraka na nguzo zake zina soko. Lakini hunywa maji mengi, na mwaka 2009 Waziri wa Mazingira John Michuki aliagiza ing'olewe karibu na vyanzo vya maji. Nafasi yake ni mbali na mto. Kuna pia swali la kwa nini mtu asaidiwe kutii sheria. Sheria huchora mpaka, ila hailishi ng'ombe wala kulipa karo.

Basi wanaosimamia miradi ya mito wasitosheke na kuhesabu miche iliyopandwa. Warudi baada ya miaka 5, watazame kama ukingo bado umefunikwa na kama mwenye shamba bado anavuna kutoka ukingoni huko.