Namna ya Kuitambua RB26 Iliyosukwa Vizuri

RB26DETT, injini ya Nissan Skyline GT-R iliyotumika tangu 1989 hadi 2002, ina silinda 6 za mstari mmoja, ujazo wa sisi 2,568, tabo 2 na bloku ya chuma cha kusubu. Kiwanda kiliitangaza kwa nguvu za farasi 280, lakini bloku yake, ikiandaliwa vyema, hubeba zaidi ya mara mbili ya hapo. Ndiyo maana wenye magari haya huisuka upya kidogo kidogo, wengine kwa miaka mingi. Ubora wa kazi hiyo hauonekani kwenye majina ya vipuri vilivyonunuliwa. Uko kwenye daftari la vipimo.

Fundi hodari huipima kila silinda juu, katikati na chini, na kila mahali hupima mara mbili: kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Kwa silinda 6, hizo ni namba 36. Zikilingana zote bila tofauti hata chembe, kuna kila sababu ya kushuku kwamba hakuna aliyepima. Bati nene linalofungwa juu ya bloku wakati wa kusaga silinda ni jambo la lazima, kwa kuwa bolti za hedi zikikazwa huvuta kuta za silinda na kuzipotosha kidogo. Silinda iliyosagwa bila bati hilo huwa duara mezani tu. Pistoni za kufuliwa hutanuka zaidi zikipata moto, kwa hiyo huachiwa nafasi kubwa kuliko za kiwandani, na nafasi hiyo hufuata maelekezo ya aliyezitengeneza, si mazoea ya gereji. Kwenye beringi za konrodi, ambako shingo ya kranki ina kipenyo cha milimita 48 hivi, nafasi ya oili hukaribia sehemu 5 za mia moja za milimita.

Oili ndiyo mtihani mkubwa wa RB26. Katika matoleo ya mwanzo ya GT-R ya kizazi cha R32, sehemu ya kranki inayozungusha pampu ya oili ni fupi mno, hivyo gia ya pampu hushikwa kwa eneo dogo na huweza kupasuka injini inapozungushwa kwa kasi kubwa. Pampu ikifa, beringi hufuata ndani ya sekunde chache. Dawa yake ni kola pana inayopachikwa kwenye kranki kwa kubana, au kranki ya toleo la baadaye, pamoja na gia ya pampu ya chuma imara. Mkaguzi huomba kuona picha ya kola hiyo kabla pampu haijafungwa. Fundi aliyeifanya kazi hiyo kwa haki huwa nayo.

Tatizo la pili liko juu. Kasi ikipanda, oili nyingi husukumwa kwenye hedi na huchelewa kushuka, sampu ikabaki karibu tupu huku beringi zikiungua. Injini iliyofikiriwa vizuri ina vizuizi kwenye njia za kupandia oili, mashimo ya kurudishia yaliyopanuliwa, na sampu iliyoongezwa ujazo na kuwekewa kuta za ndani. Asiyeweza kusema kizuizi chake kina tundu la ukubwa gani amebahatisha.

Muda mrefu nao huacha alama. Bloku iliyokaa miezi bila kupakwa oili huota kutu kwenye silinda, na vishimo vidogo vya kutu hubaki vikionekana hata baada ya kufutwa. Silikoni ya kuzibia maungio pia huzungumza: iliyobubujika nje ya sampu imebubujika na ndani, na ya ndani hukatika na kwenda kuziba wavu wa pampu.

Injini ikishawashwa, mgandamizo wa silinda zote usitofautiane kwa zaidi ya asilimia 10, na upotevu wa hewa katika kila silinda uwe wa asilimia chache tu. Baada ya saa za kwanza za kuizoesha, chujio la oili hukatwa na karatasi yake kukunjuliwa juani. Vumbi laini la kijivu ni la ringi zinazojikalisha. Vipande vinavyometa vya rangi ya shaba maana yake injini irudi mezani.