Hisani ya Wasafisha Makaro
Huku Diani, ambako ardhi ni mwamba wa matumbawe wenye matundu yapitishayo maji upesi hata visimani, siku ulipofunuliwa mfuniko wa karo la nyumba yangu ndipo nilipofahamu hisani ya wale wavutao taka kwa lori. Kwanza waliliacha lipunge hewa, kwani mvuke wake waweza kumfisha mtu kabla hajapiga ukelele. Kisha wakateremsha mpira mzito, wakalivuruga kwa mti mrefu tope lililoganda chini, wakavuta hata sakafu ikaonekana, wakakagua nyufa, wakaosha ua. Nilipowakabidhi ujira wao niliingiwa na haya, maana maji nitekayo kisimani, na siha ya jirani zangu, ni amana iliyo mikononi mwao.