Bede, Milansi, na Wafalme wa Ufipa

Walimu wengi wamesoma habari za wafalme wa kale wa Waingereza na maaskofu wao, na karibu habari hizo zote zatoka katika kitabu kimoja, yaani Historia ya Kanisa la Waingereza, aliyoimaliza Mtakatifu Bede, mtawa wa Jarrow, mwaka 731. Walio wachache ndio waliokiweka kitabu hicho kando ya vitabu vilivyoandikwa kwa habari ya wafalme wa Ufipa, yaani Mwene wa Nkansi na Mwene wa Lyangalile. Sisi tumevisoma pamoja, wala si kwa kutafuta mifano ya kupendeza tu. Twaona ya kuwa habari ya Milansi, iliyo mzizi wa mapokeo yote ya uwanda ule wa juu kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, imesomwa mara nyingi kama habari ya kushindwa, na mara nyingine kama fumbo. Bali haijasomwa vya kutosha kama neno la Wafipa wenyewe juu ya mpaka uliopo kati ya mtawala na kuhani. Na neno hilo lawahusu sana watu wa Kanisa.

Kwanza tumpe Bede haki yake. Alizaliwa yapata mwaka 673, akatolewa kwa watawa akiwa mtoto wa miaka saba, akafa mwaka 735. Hakuiona nchi nyingi. Lakini mwanzoni mwa kitabu chake awataja waliompa habari: Abati Albinus wa Canterbury, na Nothhelm, padre wa London, aliyekwenda Roma akazinakili barua katika hazina ya Papa. Jambo hili si dogo. Msomaji ajua neno limetoka kinywani mwa nani, naye aweza kulipima. Tena Bede alikuwa mwana wa nchi, akiwaandika watu wake mwenyewe.

Walakini mtu huyo mwaminifu ana upungufu mmoja, nao ni mkubwa. Katika baraza la Mfalme Edwin wa Northumbria, kabla mfalme hajabatizwa mjini York siku ya Pasaka ya mwaka 627, asimama Coifi, mkuu wa makuhani wa dini ya zamani. Bede ampa maneno, ndiyo, lakini maneno ya kusema tu ya kuwa miungu yake haikumlipa kitu. Kisha ampandisha farasi akautupie mkuki hekalu alilolitunza mwenyewe huko Goodmanham. Yale Coifi aliyoyajua kwa habari ya mvua, mazishi, kutawazwa kwa wafalme, hatuyapati. Katika kitabu kingine, kile cha hesabu ya nyakati cha mwaka 725, Bede ataja majina ya miezi ya wapagani, na kwamba Waingereza waliita Pasaka kwa jina la mwezi wa Eostre, mungu wao wa kike. Ni makombo, nasi twamshukuru kwa makombo hayo. Lakini mlo wenyewe umekwisha kupotea.

Sasa tugeukie Milansi. Mapokeo yasema kwamba mtu wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni, na ufalme wa Milansi ukatoka kwake. Siku moja mfalme wa Milansi alikwenda kuwinda, naye alikuwa amemwonya mkewe kwamba wageni wakija asiwape kiti cha kifalme. Wakaja wanawake watatu wageni, wa ukoo wa Watwa. Na mfalme aliporudi aliwakuta wamekwisha kukikalia kiti. Hakuwafukuza, wala hakuwaua. Walipatana: Watwa watawale nchi, na Milansi abaki na mji wake na ukuu wake wa kikuhani. Baadaye Watwa walifarakana wenyewe kwa wenyewe, na kwa mfarakano huo zikatokea dola mbili za Nkansi na Lyangalile. (Msomaji asiwachanganye Watwa hawa na watu wafupi wa msituni walio na jina kama hilo, hawa ni ukoo wa wafalme.)

Habari hii yasimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha mke mzembe, au kama ujanja wa wanawake wageni, kisha mwalimu husema, “Basi, Watwa wakamshinda Milansi.” Hapo ndipo kosa lilipo. Mtu aliyeshindwa hapatani, hupokea amri. Kinachosimuliwa hapa ni kugawanywa kwa madaraka mawili yaliyokuwa katika kiti kimoja. Yeye aliyekuwa na vyote viwili aliachilia utawala akashika ukuhani, wala wageni wenye utawala hawakuthubutu kumwondolea sehemu yake.

Mtaalamu Roy Willis, Mwingereza, aliyefanya uchunguzi Ufipa katika miaka ya 1960, aliikaribia maana hii kuliko mwingine yeyote tunayemjua. Katika makala yake ya mwaka 1967 aliisoma habari hii kwa njia ya Mfaransa Lévi-Strauss, akiona Milansi kuwa kichwa na Watwa kuwa viuno, yaani akili upande huu na nguvu za uzazi upande ule. Ni usomaji wa akili nyingi, nasi tuliufurahia; lakini waning'inia hewani kama kibuyu kisicho na kamba, kwa maana hauonyeshi ni lini wala ni kwa faida ya nani habari ilisimuliwa hivyo. Willis mwenyewe aliirudia tena katika kitabu chake cha mwaka 1981, na humo aliiweka katika historia ya kukua kwa dola ya Ufipa. Kitabu hicho ni bora zaidi, ijapokuwa mwalimu atachoka kabla hajafika katikati.

Tukilinganisha sasa, tofauti yaonekana wazi. Mfalme Æthelberht wa Kent, alipompokea Augustine mwaka 597, aliketi nje, mahali peupe, kwa kuogopa kulogwa ndani ya nyumba. Alimwogopa mgeni kama mtu wa uganga, lakini baadaye akampa mahali katika mji wake mkuu, na maaskofu wakawa washauri wa wafalme. Katika sheria zilizoandikwa kwa jina la Æthelberht, malipo kwa mali ya Kanisa iliyoibwa ndiyo yanayotangulia yote. Rædwald, mfalme wa Waangle wa Mashariki, aliweka madhabahu mbili katika hekalu moja, ya Kristo na ya mizimu yake, na Bede amdharau kwa hayo. Mzee wa Ufipa, twadhani, asingeanza kwa kuhesabu madhabahu. Angeuliza ni nani anayekaa katika kiti cha nani.

Maana Padre aliyepanda Ufipa hakukuta mahali patupu kando ya mfalme. Mahali pale Paulinus alipopata kwa Edwin palikuwa na mwenyewe, naye alikuwa Milansi. Hili halielezwi vya kutosha katika vitabu vya kimisioni. Mapadre Weupe waliipokea Karema, ngome ya Wabelgiji ukingoni mwa ziwa, mwaka 1885. Katika miaka ile ya kwanza misioni ilikuwa na kuta, na watu waliokombolewa utumwani, na madaraka ya kuamua mashauri. Kardinali Lavigerie alitamani ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, na ng'ambo ya ziwa, kule Mpala, Kapteni Joubert alishika silaha kuwalinda watu na wateka watumwa. Hatuwalaumu kwa kuwalinda wanyonge. Lakini machoni pa Mfipa aliyelelewa na habari ya Milansi, mtu anayeshika ukuhani na utawala pamoja ni mtu aliyerudi nyuma kabla ya siku ile ya wanawake watatu.

Askofu Lechaptois, aliyeiongoza Vikarieti ya Tanganyika tangu 1891 hata alipokufa mwaka 1917, aliandika kitabu kikubwa kwa Kifaransa juu ya nchi za kando ya ziwa, kikatolewa mwaka 1913. Ni kazi ya mtu mvumilivu, na kila aliyeandika juu ya Ufipa baada yake amekula katika sahani yake. Padre Robert naye alitoa kitabu chake Tabora mwaka 1949, na jina lake lataja imani na desturi za uganga na dini za Wafipa wapagani. Jina hilo latutia mashaka. Likiisha kuandikwa juu ya jalada, ukuhani wa Milansi hauna budi kuwekwa ndani ya sanduku moja na hirizi, wala msomaji hatafikiri tena kuutafuta katika habari za utawala.

Gregory Mkuu alijua ugumu huu. Mwezi wa Juni mwaka 601 alimwandikia Æthelberht abomoe mahekalu. Mwezi uliofuata alimwandikia Mellitus, aliyekuwa njiani, ya kwamba mahekalu yasibomolewe bali sanamu tu, nayo majengo yanyunyiziwe maji ya baraka. Bede aliziweka barua zote mbili, wala hakuficha kwamba Papa aliwaza upya. Kwa hili twamheshimu kuliko kwa miujiza yake yote.

Kwa upande wa watu wa kawaida, kitabu cha Kathleen Smythe cha mwaka 2006 juu ya jamaa za Nkansi kinafaa. Chaonyesha ya kuwa Wafipa waliipokea misioni kwa njia ya malezi na ujamaa, wakiwatazama Mapadre kama wazazi, kuliko kwa amri ya Mwene. Hapa mfano wa Uingereza wakatika kabisa, kwa sababu katika Bede mfalme hutangulia na watu hufuata. Mfalme Oswald alisimama mwenyewe kuwa mkalimani wa Aidan, kwa kuwa alijifunza lugha ya Waayalandi uhamishoni. Huku kwetu kazi ya namna hiyo ilifanywa na makatekista, na watu kama Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani katika Afrika ya Magharibi, akasomea uganga wa hospitali Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutumika huko hata alipokufa mwaka 1956.

Utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika mwaka 1963, na jina la Nkansi sasa ni jina la wilaya, Nkasi, lililopoteza herufi moja njiani. Mwalimu wa Sumbawanga au Namanyere anayeiandika habari ya Milansi kutoka kwa wazee na aandike, kama Bede, ni nani aliyemsimulia, ni wa kijiji gani, na ni wa ukoo wa nani. Maana anayeisimulia Milansi huenda akakawia penye mapatano, na mjukuu wa Watwa huenda akakawia penye kiti.